Maisha ya Maria Montessori na Somo la Hesabu Lenye Mwendo

Walimu wanafunzi wanaporudi chuoni kutoka mazoezi ya kufundisha katika madarasa ya awali, swali wanalotuuliza mara nyingi kuliko yote si la hesabu wala la lugha. Huuliza jinsi ya kuwaketisha watoto. Darasa lina watoto sitini au zaidi wa miaka minne na mitano, sakafu ni ya saruji, mlango umetazama barabara, na mwalimu ni mmoja. Kwa hofu ya mtoto kuanguka, kuchomwa na kijiti cha mwenzake, au kutoka mbio kuifuata sauti ya gari, mwalimu huwabana wote juu ya mkeka, kisha huwahesabisha kwa kuitikia pamoja kuanzia moja hadi ishirini. Kwa nusu saa hiyo watoto wako salama, na hesabu inasikika mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu. Lakini mtoto aliyeimba ishirini kwa sauti kuu, akitumwa alete vijiti vinne, aghalabu hurudi na konzi nzima. Na kengele ikilia, mtoto huyo huyo aliyeketishwa vizuri ndiye anayemwangusha mwenzake mlangoni.

Kwa hiyo tumeona inafaa kusimulia katika toleo hili maisha ya mtu aliyelishughulikia jambo hilo kwa miaka mingi, yaani jinsi hesabu, mwendo na hadhari vinavyoweza kufunzwa kwa pamoja badala ya kila kimoja kungoja kipindi chake. Jina lake limeandikwa juu ya vibao vya shule nyingi za mijini, zikiwemo ambazo hazifuati njia yake hata kidogo, na pengine ndiyo sababu watu hudhani kwamba aliwashughulikia watoto wa wenye nacho. Ukweli ni kwamba njia yake ilianzia hospitalini na katika mtaa wa maskini.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti, 1870, katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na bandari ya Ancona, Italia. Majuma matatu baadaye majeshi ya mfalme yaliingia Roma na kukamilisha muungano wa nchi ambayo kwa karne nyingi ilikuwa vipande vipande. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa utaratibu na wa mila. Mama yake, Renilde, alikuwa mpenda vitabu, na katika kila jambo ambalo binti yake alilitaka na baba akalikataa, mama alikuwa upande wa binti. Mwaka 1875 familia ilihamia Roma, na huko ndiko Maria alikosomea.

Akiwa na miaka kumi na mitatu aliingia shule ya ufundi, mahali ambapo wasichana walikuwa wachache mno, kwa kuwa alipenda hesabu na alitaka kuwa mhandisi. Baadaye aliacha wazo la uhandisi akachagua jambo lililowashangaza watu zaidi, nalo ni udaktari. Baba yake hakupendezwa. Katika Chuo Kikuu cha Roma haikuonekana kuwa ni adabu mwanamke kusimama pamoja na wanaume mbele ya maiti iliyo uchi, hivyo ilimbidi afanye kazi ya kupasua maiti peke yake, jioni, wenzake wakiwa wameondoka. Mwaka 1896 alihitimu. Mara nyingi huandikwa kwamba alikuwa daktari wa kwanza wa kike katika Italia. Hilo si sahihi, maana walikuwako wachache waliomtangulia, lakini walikuwa wachache kweli. Mwaka huo huo alikwenda Berlin kwenye mkutano mkuu wa wanawake, na huko alitetea haki ya mwanamke kulipwa ujira sawa na mwanamume kwa kazi iliyo sawa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu. Kazi hiyo ilimpeleka katika nyumba walikofungiwa wagonjwa wa akili, na miongoni mwa wagonjwa hao walikuwamo watoto ambao kosa lao lilikuwa kuchelewa kuelewa. Walikaa katika vyumba vitupu. Husimuliwa kwamba mtunzaji wao alilalamika kuwa, wakishamaliza kula, watoto hao hujitupa sakafuni kugombania makombo ya mkate. Mtunzaji aliona ulafi. Daktari huyo kijana alitazama chumba, akaona hakuna kitu kingine chochote ambacho mikono ya watoto ingeweza kukishika.

Akatafuta maandishi ya waliomtangulia. Alimsoma Itard, daktari wa Paris aliyejaribu kumfunza mvulana aliyeokotwa msituni katika Aveyron, na zaidi alimsoma Séguin, aliyekuwa mwanafunzi wa Itard. Kwa Séguin alikuta kanuni ambayo kwetu sisi ndiyo mzizi wa habari hii yote: kwamba elimu ya mtoto aliye nyuma huanza na misuli, hupitia hisi, kisha hufikia mawazo. Kitabu cha Séguin kilikuwa na kurasa zipatazo mia sita. Montessori alikitafsiri kwa Kiitalia na kukinakili chote kwa mkono wake, apate kupima maana ya kila neno bila haraka.

Mwaka 1900 aliwekwa kuwa mmoja wa viongozi wa shule mpya mjini Roma ya kufunza walimu wa watoto wa namna hiyo. Alishinda na watoto tangu asubuhi hadi jioni, na usiku aliandika aliyoyaona. Baadhi ya watoto hao walijifunza kusoma na kuandika, wakafanya mtihani pamoja na watoto wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu walimsifu. Yeye aliulizwa na dhamiri yake swali lingine: ikiwa watoto wenye upungufu wamewafikia watoto wazima, basi hao wazima wanazuiwa na nini? Aliishia kulitazama dawati. Enzi hizo wataalamu walikuwa wametengeneza madawati ya kisayansi, yaliyopimwa kwa urefu wa mguu na mgongo, ili mtoto asiweze kabisa kusogea. Montessori aliwafananisha watoto wa madawati hayo na vipepeo waliotungwa kwa pini.

Hapa hatuna budi kutaja jambo la nyumbani kwake, kwa sababu wasifu unaoliruka unamfanya mtu kuwa sanamu. Mwaka 1898 alizaa mtoto wa kiume, Mario, na daktari mwenzake, Giuseppe Montesano. Hawakuoana. Mama asiyeolewa katika Italia ya siku zile asingeweza kuendelea na kazi yoyote ya heshima, hivyo mtoto alipelekwa kulelewa na familia ya shamba, naye mama yake akawa anamtembelea. Montesano akaoa mwanamke mwingine mwaka 1901, na mwaka huo Montessori akaiacha ile shule waliyokuwa wakiiongoza pamoja, akarudi chuo kikuu kusoma falsafa na elimu. Mario alijiunga na mama yake alipokuwa kijana wa miaka kama kumi na mitano, na kwa muda mrefu hakutambulishwa hadharani kuwa ni mwanawe. Mwanamke aliyewafunza mamilioni jinsi ya kumtazama mtoto aliikosa miaka ya utoto wa mtoto wake. Sisi hatulisemi hili kwa kumhukumu.

Sasa tufike San Lorenzo. Huo ulikuwa mtaa wa Roma uliojengwa kwa pupa ya faida katika miaka ya 1880. Fedha zilipokatika, majumba yaliachwa nusu nusu, na maskini wakahamia ndani yake. Kampuni moja ya majumba iliyanunua baadhi, ikayatengeneza na kuyapangisha kwa familia za vibarua. Ikazuka shida moja. Baba na mama walikwenda kazini, ndugu wakubwa walikwenda shule, na watoto wadogo walibaki peke yao wakipanda na kushuka ngazi na kuchafua kuta zilizopakwa chokaa jana. Mkurugenzi wa kampuni, Edoardo Talamo, aliona ni nafuu kuwakusanya watoto katika chumba kimoja kuliko kupaka kuta upya kila mara. Akamwomba Daktari Montessori awasimamie. Tarehe 6 Januari, 1907, chumba hicho kilifunguliwa katika nyumba namba 58, njia ya Marsi, kikiwa na watoto wapatao hamsini wa miaka mitatu hadi sita. Kikaitwa Nyumba ya Watoto.

Mwalimu wao hakuwa mwalimu. Alikuwa binti wa bawabu wa jengo, naye hakupata kupita chuo chochote. Wazazi hawakulipa ada, ila walitakiwa kuwaleta watoto wakiwa safi na kuja kuzungumza na mwalimu kila juma. Mwanzoni vifaa vilifungiwa kabatini, na mwalimu ndiye aliyevigawa. Siku moja kabati lilisahauliwa wazi, na watoto wakaingia wakajichagulia kila mmoja kazi yake. Mwalimu alidhani wameiba na alitaka kuwaadhibu. Montessori alifikiri kwamba wamekwisha kuvijua vifaa vyao, akaagiza makabati mafupi yasiyo na kufuli, yenye kimo cha mtoto.

Ni hapo ambapo mwendo uliingia darasani kwa haki yake. Mtoto akitaka kifaa, lazima ainuke, atembee, akibebe, apite kati ya wenzake waliotandika vijamvi vyao sakafuni, afanye kazi yake, kisha akirudishe mahali pake. Hakuna anayemletea. Meza na viti vilikuwa vyepesi, vya kuweza kubebwa na watoto wenyewe. Wageni walipinga wakisema kwamba viti vya namna hiyo vitaangushwa, na kwamba sahani za udongo na glasi halisi zitavunjwa. Montessori aliona kuwa hiyo ndiyo faida yake. Kiti kizito kilichogongomewa sakafuni humficha mtoto asiyejua kutembea. Kiti chepesi kikiguswa vibaya huanguka kwa kishindo, na kishindo humfunza mwenyewe bila mtu kukemea. Sahani ya bati haina la kumwambia aliyeiangusha. Ya udongo inamwambia mara moja.

Katika kitabu chake ameeleza kisa kimoja ambacho tungependa kila mwalimu mwanafunzi akifikirie kabla ya kwenda mazoezini. Watoto walikuwa wamelizunguka beseni la maji lenye vitu vya kuchezea vilivyokuwa vikielea. Mtoto mmoja wa miaka miwili na nusu hivi alibaki nyuma, haoni kitu. Alijaribu kupenya, akashindwa. Akasimama akafikiri, akatazama huku na huku, akaona kiti kidogo, uso ukamng'aa; akaanza kukiendea ili akipeleke nyuma ya kundi na kupanda juu yake. Kabla hajakifikia, mwalimu akamnyakua kwa huruma na kumwinua juu ya vichwa vya wenzake aone. Mtoto aliona vitu vya kuchezea, lakini ile nuru usoni ikazimika. Wengi wetu tungemsifu mwalimu huyo: amemwepusha mtoto na kuanguka. Montessori aliona kwamba amenyang'anywa kitu ambacho hakitarudi, yaani kuishinda shida kwa akili na mwili wake mwenyewe. Sisi tungeongeza kuwa mtoto ambaye siku zote ananyakuliwa hajui kiti kinavyoyumba, na siku atakayopanda hakuna mtu karibu ndiyo siku ya kuvunjika mkono. Kazi ya mwalimu pale ilikuwa kusogea hatua mbili karibu na kiti, na kungoja.

Katika kufunza utulivu wa mwili alikuwa na zoezi lililozaliwa kwa bahati. Aliingia darasani akiwa amembeba mtoto mchanga wa miezi minne aliyetulia kabisa, akawaonyesha watoto jinsi mchanga huyo anavyopumua bila sauti. Watoto wakajaribu kutulia kama yeye, mpaka zikasikika sauti ambazo hazikusikika kabla. Baadaye aliliendeleza: alisimama chumba cha pili, akaita jina la kila mtoto kwa mnong'ono, na mtoto aliyeitwa aliinuka akatembea kwa ncha za vidole bila kugusa meza wala kiti. Darasa zima likatoka hivyo, mmoja mmoja. Tumefikiri sana juu ya zoezi hili. Darasa linaloweza kutoka mlangoni bila kusukumana kwa sababu limeitwa kwa mnong'ono, ndilo litakaloweza kutoka bila kukanyagana siku ya moto au ya ukuta kupata ufa. Uwezo huo haufundishwi siku ya hatari yenyewe.

Aliwachorea watoto pia mstari sakafuni, uliozunguka kwa umbo la yai, watembee juu yake wakiuweka mguu mzima juu ya mstari, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Waliozoea walipewa glasi yenye maji yaliyotiwa rangi, imejaa karibu na ukingo, au kengele isiyopaswa kulia. Mtoto yeyote, awe wa Roma au wa Tabora, akiona ukingo wa mfereji hutaka kutembea juu yake; mwalimu anauhamisha tu ukingo huo kuuleta mahali pasipo na shimo.

Tukija kwenye hesabu, kifaa cha kwanza cha Montessori kilikuwa fito kumi za mbao. Fupi kuliko zote ina sentimita kumi, ya pili ishirini, na kuendelea hivyo hadi ya kumi yenye mita moja. Kila sentimita kumi zimepakwa rangi, nyekundu na buluu kwa kupokezana. Mtoto wa miaka minne huzichukua kabatini moja moja na kuzipanga mkekani, maana yake huenda na kurudi mara kumi. Ufito wa moja hubebwa kwa vidole. Wa kumi humlazimu kunyoosha mikono yote miwili, na akigeuka ghafla utampiga mwenzake. Kwa hiyo kumi si neno tu. Ni kitu kirefu, kinachochukua nafasi, kinachotaka uangalifu zaidi kuliko tatu. Katika kifaa hiki kimoja mtoto anahesabu, anatembea, na anajifunza kubeba kitu kirefu kati ya watu, na hatuwezi kusema somo lipi limeisha na lipi limeanza.

Fito zikishapangwa, mtoto huweka ule wa moja kwenye ncha ya ule wa tisa, akaona umelingana na wa kumi. Mbili kwa nane, tatu kwa saba, nne kwa sita. Hubaki wa tano peke yake, hauna mwenzi. Huo hupinduliwa kwa urefu wake mara moja, na hapo unakuwa umefunika nafasi ya kumi: tano mara mbili. Mtoto amejumlisha na kuzidisha bila kuandika alama yoyote.

Baadaye huja kisanduku chenye vyumba kumi, kuanzia sifuri hadi tisa, na vijiti arobaini na vitano. Ukiweka kimoja katika chumba cha moja, viwili katika cha mbili, mpaka tisa, vijiti vimekwisha. Kikipungua au kikizidi, mtoto anajua amekosea hata kama mwalimu yuko upande wa pili wa darasa akimfuta mwingine kamasi. Na chumba cha sifuri ni kitupu.

Sifuri yenyewe aliifunza kwa miguu. Alimwita mtoto aje kwake mara sifuri. Mtoto alikuja mbio. Akamweleza kwamba amekuja mara moja, ilhali aliitwa mara sifuri. Akarudia, mpaka watoto wakaelewa kwamba kuja mara sifuri ni kubaki ulipo, wakawa wanasimama kimya huku wamejaa kicheko. Kisha palikuwa na mchezo wa vikaratasi: kila mtoto huchukua kimoja kilichokunjwa, chenye tarakimu ndani, hukisoma kimoyomoyo, hurudi mahali pake, halafu huenda mezani kuchukua vitu kwa idadi hiyo na kuvipanga wawili wawili, ule usio na mwenzi ukiwekwa chini katikati. Anayepata sifuri hukaa tu na kuwatazama wenzake wakienda na kurudi. Montessori aliwachunguza sana hao wa sifuri. Wengine walijifanya hawajali, wengine nyuso zilionyesha wazi wanavyotamani, lakini walikaa.

Mtoto aliyejifunza kubaki mahali pake huku mwili wote unataka kwenda, ameshika nusu ya somo la barabara. Hili hatukulikuta katika kitabu chochote, bali tumelijaribu pamoja na walimu wanafunzi kwenye uwanja wa shule. Mistari miwili ya chokaa ikichorwa kuwa barabara, watoto husimama ukingoni, hutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, kwani magari yetu hupita kushoto. Ndipo huvuka kwa kutembea wakihesabu hatua, wala si kwa kukimbia. Upande wa pili kila mmoja husema hatua zake. Wa hatua nane hushangaa kwamba mwenzake mrefu ana sita, na hapo hesabu imekuja yenyewe. Mwalimu akiinua karatasi ya sifuri, hakuna anayevuka, hata kama barabara inaonekana tupu.

Vifaa visimtishe mtu. Fito kumi za mwanzi zilizopimwa kwa rula na kulainishwa ncha kwa msasa, vijiti arobaini na vitano, na maboksi ya viatu yaliyokatwa, vyatosha kwa kikundi cha watoto kumi, na vikundi vinaweza kupokezana siku za juma. Tahadhari moja: njugu, mbegu ndogo na shanga zisipewe watoto wa chini ya miaka mitatu, ambao mara nyingi huja darasani wakiongozana na kaka zao, kwa sababu huishia puani au kooni. Vizibo vya soda vina kingo kali. Kokwa za maembe zilizokaushwa ni bora.

Mwaka 1909 Montessori alichapisha kitabu chake kikuu, na katika miaka michache kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 1913 walimu kutoka nchi mbalimbali walikusanyika Roma kwa mafunzo ya kimataifa ya kwanza. Mwaka 1915, katika maonyesho makubwa ya San Francisco, Marekani, lilijengwa darasa lenye kuta za vioo, na watu walikaa nje kutazama watoto wakifanya kazi bila kujali kutazamwa. Hata hivyo mwaka 1914 profesa William Kilpatrick wa Columbia, New York, alikuwa ameandika kijitabu cha kumpinga, akisema vifaa vyake ni vyembamba mno, vina njia moja tu ya kutumiwa, na vinamwachia mtoto nafasi ndogo ya kubuni na ya kucheza na wenzake. Sisi tunaona Kilpatrick alikuwa na haki nusu. Ufito wa mita moja haukusudiwi kuwa farasi wala bunduki, na katika njia ya Montessori mtoto anayeugeuza hivyo huelekezwa kwingine. Lakini mtoto anahitaji pia rede na kombolela, na mwalimu atakayefunga michezo hiyo nje ya shule kwa jina la Montessori atakuwa ameongeza hasara.

Miaka yake ya baadaye tutaipitia upesi. Alifanya makao Barcelona, Hispania. Kuanzia mwaka 1924 serikali ya Mussolini iliziunga mkono shule zake katika Italia, naye akaukubali msaada huo kwa miaka kama kumi, jambo ambalo wengi wamemlaumu kwalo na hatuoni sababu ya kulifunika. Mwaka 1934 walikosana kabisa na shule zake zikafungwa. Katika Ujerumani ya Hitler nazo zilifungwa. Mwaka 1929 alikuwa ameanzisha chama cha kimataifa cha kuiangalia kazi yake. Vita vya Hispania vilipoanza mwaka 1936 alikimbia, akakaribishwa Uholanzi.

Mwaka 1939, akikaribia miaka sabini, alikwenda India pamoja na Mario kuendesha mafunzo huko Adyar, karibu na Madras. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Waingereza walimtia Mario kizuizini kwa kuwa ni raia wa nchi adui, na mama akawekewa mipaka ya kutembea. Mario aliachiliwa mama yake alipotimiza miaka sabini. Walibaki India hadi mwaka 1946, sehemu ya wakati huo wakiwa katika milima ya Kodaikanal, na zaidi ya walimu elfu moja walipita mikononi mwao. Wageni walipokuja kwa miezi michache wakakaa miaka saba hivi, ndipo kazi yao ikatia mizizi. Shule za Montessori ni nyingi sana India hata leo.

Alipendekezwa mara tatu kupewa tuzo ya Nobel ya amani, mwaka 1949, 1950 na 1951, ila hakuipata. Alifariki tarehe 6 Mei, 1952, katika mji wa Noordwijk kando ya bahari, Uholanzi, akiwa na miaka themanini na mmoja, akazikwa huko huko. Walioandika maisha yake husimulia kwamba siku hiyo alikuwa akizungumza na Mario kuhusu safari ya kwenda kufunza walimu huko Gold Coast, nchi ambayo baada ya miaka mitano ilipata uhuru ikaitwa Ghana. Mario alimwambia afya yake haimruhusu, na kwamba wengine wangeweza kwenda badala yake. Yeye hakupendezwa na wazo la kuachwa. Mario akatoka chumbani kwa muda kidogo, na aliporudi alikuta mama yake amekwisha kufa.